Siku Moja Oxford: Pauni 50 Zinakwenda Wapi

Ukitoka London kwenda Oxford na kurudi siku hiyohiyo, nauli ndiyo itakayokumaliza. Umbali ni kilomita 90 hivi. Basi la kutoka Victoria, kwenda na kurudi, ni takribani pauni 20. Treni ya kutoka Paddington, ukikwepa saa za msongamano, inazidi pauni 30 kidogo. Wengi hukimbilia basi. Mimi nasema panda treni. Treni huchukua kama saa moja, basi karibu mbili foleni ikikaza, kwa hiyo pauni 12 za ziada, kama shilingi 2,000 za Kenya, zinakurudishia karibu saa mbili za siku yako. Kwa mgeni wa siku moja hiyo ni bei nafuu, kwa sababu makumbusho hufungwa saa 11 jioni.

Usitafute geti la chuo kikuu, halipo. Masomo yalikuwa yakitolewa hapa tangu 1096, na leo kuna koleji na kumbi zaidi ya 40 zilizotapakaa mjini, kila moja na ukuta wake, bawabu wake na saa zake za kupokea wageni. Msimu wa mitihani, baadhi yake hufunga milango kabisa. Christ Church, ambayo ukumbi wake wa chakula ulikuwa kiigizo cha ule wa filamu za Harry Potter, hutoza karibu pauni 20. Sioni sababu ya kuzitoa. Kwa pauni 6 hivi unapanda ngazi 127 za mnara wa kanisa la St Mary na kuliona kuba la jengo la Radcliffe Camera likiwa mbele yako kabisa.

Vilivyo bora havina kiingilio. Makumbusho ya Ashmolean yamefunguliwa tangu 1683. Kwenye makumbusho ya viumbe kuna kichwa cha dodo, ndege wa Mauritius aliyetoweka, ngozi yake ingalipo. Hakuna mahali pengine duniani palipobaki nyama wala ngozi ya ndege huyo. Ukivuka ukumbi huo unaingia makumbusho ya Pitt Rivers: vitu zaidi ya 500,000, makabati yamesongamana, vibandiko vidogo vingine vimeandikwa kwa mkono. Katika hazina hiyo wawakilishi wa Wamaasai wa Kenya na Tanzania walivitambua vitu vitano ambavyo kwa mila yao hurithiwa na mwana kutoka kwa baba, haviuzwi wala havitolewi zawadi. Msomaji wa Afrika Mashariki atenge saa nzima hapo. Ni historia yetu, na mazungumzo juu yake bado yanaendelea.

Maktaba ya Bodleian, iliyofunguliwa 1602, ina machapisho zaidi ya milioni 13 na haiazimishi. Mwaka 1645 hata Mfalme Charles wa Kwanza aliomba kitabu akanyimwa. Mji haungeweza kuubeba mzigo wote huo, kwa hiyo vitabu vingi viko ghalani Swindon, kwenye rafu zenye urefu wa kilomita 246. Zikinyooshwa kutoka Dar es Salaam zitaipita Morogoro. Msomaji akiagiza kitabu, gari hukileta.

Chakula cha mchana kipate Covered Market, soko la tangu 1774, kwa pauni 10 hivi. Jumlisha na treni na mnara: karibu 50, na theluthi mbili yake ni reli.