Dabi ya Mwanza: Uwanja upo, mpinzani yuko wapi?

MWANZA. Taja neno dabi mbele ya shabiki wa makamo jijini hapa, naye atakuuliza kwanza: ya Pamba na Toto, au hizi za juzi?

Swali hilo lina maana. Jiji la miamba limewahi kuwa na dabi zaidi ya moja, na kila moja imekufa kwa namna yake. Leo Pamba Jiji ipo Ligi Kuu tangu iliporejea msimu wa 2024/25, Kirumba inajaa wakija Simba na Yanga, lakini mechi ya watu wa Mwanza kwa watu wa Mwanza haipo.

Na dabi za hapa zilikuwa na jambo moja la ajabu: hakukuwa na mgeni. Timu zote mbili zilikuwa nyumbani hapahapa Mwanza. Mwenyeji alikuwa mwenyeji wa kwenye karatasi tu. Hakuna aliyesafiri, hakuna aliyelala hotelini, na hakuna aliyeweza kusema uwanja umemponza, kwa sababu wote waliujua kipimo chake kwa miguu.

Hilo la kipimo si dogo kama linavyosikika.

Sheria inaruhusu kucheza na mita

Mashabiki wengi wanaamini viwanja vyote vya soka vinalingana. Si kweli. Sheria imebana vitu vya ndani: goli lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44, penalti inapigwa mita 11, boksi linatoka mita 16.5. Basi. Uwanja wenyewe unaruhusiwa kuwa na urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90. Kwa mechi za kimataifa ndipo kamba inakazwa: urefu mita 100 hadi 110, upana mita 64 hadi 75.

Piga hesabu. Uwanja wa mita 100 kwa 64 una mita za mraba 6,400. Wa mita 110 kwa 75 una 8,250. Tofauti ni mita za mraba 1,850, na wanaokimbia ni walewale 22.

Makocha wajanja wameitumia nafasi hiyo. Septemba 1987, Rangers ya Scotland ilikuwa imefungwa 1-0 na Dynamo Kyiv ugenini katika Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Kabla ya marudiano, kocha Graeme Souness aliamuru uwanja wa Ibrox upunguzwe upana hadi kiwango cha chini kinachoruhusiwa. Mawinga wa Dynamo wakakosa pa kukimbilia. Rangers ikashinda 2-0 na kusonga mbele.

Stoke City ya Tony Pulis nayo iliubana uwanja wake ili mipira ya kurusha ya Rory Delap ifike mbele ya goli bila shida. Wapinzani walilalamika, lakini mita zilikuwa halali.

Wenzetu wa besiboli wamezidi

Kama hilo linashangaza, tazama besiboli ya Wamarekani. Kule vyuo vikuu vyenye upinzani vinakutana kwa mfululizo wa mechi, mara nyingi tatu kwa wikiendi moja, na kila uwanja una umbo lake. Kituo hadi kituo ni mita 27.43 popote uendako, lakini ukuta wa nyuma kila mmoja anaujenga anavyoona, au anavyoruhusiwa na barabara ya jirani.

Fenway Park ya Boston, iliyofunguliwa 1912, imebanwa na mtaa upande wa kushoto. Ukuta wa upande huo uko karibu sana na mpigaji, ndiyo maana umepandishwa hadi zaidi ya mita 11. Houston walienda mbali zaidi: kuanzia 2000 hadi 2016 uwanja wao ulikuwa na kilima pamoja na nguzo ya bendera ndani ya eneo la kuchezea. Mchezaji anakimbiza mpira huku anapanda mlima!

Mchezo huo umeshafika Tanzania pia, na Dar es Salaam eneo la Sekondari ya Azania una uwanja uliopewa jina la Koshien, kwa heshima ya uwanja maarufu wa Japani.

Siri ya besiboli ni kwamba shabiki anaupenda uwanja kwa kasoro zake. Ukuta wa Boston ni mali ya watu wa Boston kama ilivyo timu yenyewe. Mwanza nayo ina vyake. Kirumba ina nafasi kati ya mashabiki na mstari, hivyo kelele zinachelewa kidogo kumfikia beki. Nyamagana, katikati ya jiji, ina nyasi bandia na mpira unateleza haraka. Halafu kuna hewa: Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam, na mpira mrefu unaenda mbali kidogo kuliko kipa wa pwani alivyozoea.

Zilizaliwa, zikafa

Pamba, TP Lindanda, ndiyo fahari ya kwanza. Ilitwaa Kombe la Nyerere 1989, na mwaka uliofuata ikaifumua Anse Boileau ya Shelisheli kwa jumla ya mabao 17-1 katika Kombe la Washindi Afrika. Mwaka huohuo wa 1990 ikawa bingwa wa nchi. Hiyo ndiyo Pamba ya kina George Masatu, Hussein Marsha na Fumo Felician. Upande wa pili walikuwepo Toto African, Wanakishamapanda.

Pamba ikashuka 2001 na kukaa nje zaidi ya miaka 20. Dabi ikafa.

Ikafufuka kwa sura nyingine msimu wa 2016/17, Toto wakiwa na Mbao FC iliyopanda. Aprili 30, 2017 Mbao iliing'oa Yanga 1-0 Kirumba katika nusu fainali ya Kombe la FA, na Mei 20 ikaifunga tena 1-0 palepale siku ya kufunga ligi. Fainali ikaenda kwa Simba 2-1 kule Dodoma baada ya muda wa nyongeza. Lakini msimu huohuo Toto ikashuka. Dabi ikaishi mwaka mmoja.

Mwaka 2018 ikapanda Alliance, ikawa Mbao na Alliance. Misimu miwili tu. Mwaka 2020 Alliance ikashuka moja kwa moja, na Mbao ikang'olewa na Ihefu kwenye mchujo kwa kanuni ya bao la ugenini. Jiji likabaki bila timu Ligi Kuu.

Ukiangalia vizuri, Mwanza haikuwahi kukosa vipaji wala mashabiki. Ilichokosa ni timu mbili zenye pumzi kwa wakati mmoja. Pamba imerudi kwa sababu halmashauri ya jiji iliibeba. Hiyo ni njia moja, na jiji haliwezi kubeba timu mbili. Ya pili lazima itafute mfuko wake: wafanyabiashara wa samaki, wachimbaji wa kanda, au wanachama wenyewe.

Vinginevyo Kirumba itaendelea kujaa kwa ajili ya wageni. Shabiki wa Mkuyuni na wa Igoma watakaa jukwaa moja, wengine wakiwa wamevaa nyekundu ya Simba, wengine kijani ya Yanga, wakizomeana kwa ajili ya mitaa ya Kariakoo wakati mitaa yao haina wa kuipigania.