Tusingoje kilio ndipo tusali pamoja

Toka siku ya Kupaa kwa Bwana mpaka Pentekoste kuko siku kumi. Nyingi zinaangukia kazini: wengine wako posti ya asubuhi, wengine ya usiku, ba-mama wako sokoni. Lakini ndizo siku ambazo Wakristo wa makanisa mbalimbali wanakusanyika kumuomba Roho Mtakatifu. Wakatoliki wanaita novena; Papa Leo XIII aliiomba kwa Kanisa lote mwaka 1897. Kule Ulaya juma la kuombea umoja wa Wakristo linafanywa tarehe 18 mpaka 25 Januari. Upande huu wa kusini wa dunia, makanisa mengi yanaliweka karibu na Pentekoste.

Tusome tena Matendo ya Mitume, sura ya 1. Walikuwa watu karibu 120, wanaume na wanawake, na Maria mama ya Yesu kati yao. Walisali pamoja. Lakini sisi wa sendika tunaona na jambo lingine: hawakukaa bule. Nafasi ya Yuda ilikuwa wazi. Wakaleta majina mawili, Yosefu Barsaba na Matiya, wakaomba, wakapiga kura, Matiya akaingia. Kusali na kupanga kazi vilitembea pamoja.

Sasa tujiangalie. Katika timu moja shimoni unakuta Mkatoliki, Mmetodisti, mtu wa Garenganze, Mkimbangisti na wa makanisa ya uamsho. Toka siku ya kazi moja mpaka siku ya posho wanalindana: mmoja anatoboa, mwenzake anaangalia mawe ya juu. Siku ya Mungu ikifika, kila mutu na kanisa yake, na wengine hawasalimiane hata.

Mji wetu umeona mengi ya namna hiyo. Simon Kimbangu alikufa gerezani hapa Elisabethville, leo Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30 ya kufungwa. Kati ya wamisionari kulikuwa waliomhesabu kuwa adui. Mwaka 1969 kanisa lake likapokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Ukuta uliosimama miaka mingi unaweza kuanguka.

Na watu wakisimama pamoja, kitu kinasogea. Tarehe 16 Februari 1992, Kinshasa, Wakristo walitoka njiani kuomba Konferansi ya taifa ifunguliwe tena. Askari walipiga risasi, watu wakafa. Aprili mwaka ule ule, Konferansi ilifunguliwa.

Kwetu kuko saa moja tu tunasahau mipaka: saa ya kilio. Juni 2019 udongo ulifunika wachimbaji kule Kolwezi, zaidi ya 30 wakafa. Kwa kilio cha mchimbaji hakuna anayeuliza kanisa. Mkatoliki anaanzisha wimbo, Mmetodisti anaitikia, ba-mama wa makanisa yote wako kwenye sufuria moja. Basi kama tunaweza mbele ya maiti, tunashindwa nini mbele ya watu wazima?

Kwa hiyo tunawaomba, ba-papa, ba-mama na vijana: jioni tisa, nyumba kwa nyumba, nusu saa inatosha. Wa posti ya usiku wasali mbele ya kupanda basi. Na tusiombe kwa maneno makubwa tu. Tuombee mjane anayengoja malipo ya bwana yake, kijana anayeshuka shimoni bila kaske, mahali ambapo mawe ya juu yanalia na hakuna anayeyategemeza. Kisha lile tuliloombea jioni, asubuhi delege alipeleke kwa mukubwa wa kazi, kwa jina la wote.

Watu wasiosalimiana, ni mwepesi kuwagawanya: huyu anaahidiwa cheo, yule anatishwa. Waliosali siku tisa katika nyumba moja, wanaojua majina ya watoto wa wenzao, hao ni vigumu.

Mwenye nafasi ya kupokea watu kwake, hata kumi tu, aambie delege wa timu yake mbele ya siku ya Kupaa. Viti tutabeba wenyewe.