Kunyanyua Gari kwa Ajili ya Mipira Mikubwa

Wanachama wengi wametuuliza, kwa mdomo na kwa barua, juu ya jambo moja. Mtu akitaka kulivisha gari lake la shamba mipira mikubwa zaidi, alinyanyue kwa kiasi gani? Swali hili huja kila mwaka karibu na vuli, kwani ndipo uchumaji unapokutana na mvua, na njia za mabondeni hugeuka tope. Mwenye karafuu mbichi magunini hana nafasi ya kungoja njia ikauke. Zikilala zimerundikana huvundika, na daraja hushuka hata zikianikwa vizuri baadaye. Kwa hiyo hatushangai kuona wenzetu wanatafuta gari refu.

Twaona vyema tulieleze jambo hili kwa utaratibu, maana sisi wenyewe limetugharimu.

Mwaka juzi tulilipeleka gari letu la kubebea magunia, pikapu ya mipira 245/70R16, kwa fundi mmoja. Hatukupima kitu. Tulisema tu, "Linyanyue sana, lipite popote." Fundi alitii. Nyuma alitia vipande vya chuma baina ya springi na ekseli, mbele akatia springi ndefu, na gari likapanda inchi nne. Kila aliyeliona alilisifu. Wiki ya tatu, likiwa na magunia ya karafuu mbichi na wachumaji wanne juu yake, lilikuwa likipita ubavuni mwa kilima. Gurudumu la upande wa juu likapanda mzizi wa mkarafuu, na gari likalala ubavu. Mchumaji mmoja alivunjika mkono, na nusu ya karafuu zilimwagika topeni. Gari lile lilikuwa limepita njia ile ile miaka sita bila kuanguka.

Kosa lilikuwa letu, kwani tuliagiza kitu tusichokijua. Mkono ulipokuwa unapona, tulipanda boti kwenda Dar es Salaam kutafuta vipuri vya kulirudisha gari katika hali yake. Tulizunguka siku tatu katika maduka ya Mchafukoge, na ng'ambo ya Mnazi Mmoja katika mitaa ya Kariakoo na Gerezani. Wauzaji wengi walituuliza tuna fedha kiasi gani. Mmoja tu, mzee wa makamo mwenye duka dogo la mipira, alituuliza swali lingine: "Wazee wangu, gari lenu likikwama, hugusa wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile tumefahamu kwamba swali lile ndilo linalotangulia mengine yote.

VIMO VIWILI

Gari lina vimo viwili chini yake, wala si kimoja. Kimo cha kwanza ni kutoka ardhini hadi kwenye difu, yaani lile tumbo la chuma lililo katikati ya ekseli. Kimo cha pili ni kutoka ardhini hadi kwenye chasisi na bodi.

Ukibadili springi ukatia ndefu zaidi, kinachopanda ni chasisi na bodi. Ekseli ya nyuma ya pikapu zetu hubaki pale pale, kwani imeshikwa na magurudumu, wala haijui kama springi iliyo juu yake ni ndefu au fupi. Kinachoinua difu ni mpira peke yake, nao huiinua kwa nusu ya nyongeza ya kipenyo chake. Mpira ukizidi kipenyo kwa sentimita sita, difu hupanda sentimita tatu.

Basi, kama gari lako hukwama kwa sababu difu hulima tuta lililo katikati ya njia ya magurudumu, kunyanyua springi hakutakusaidia hata kidogo. Kama hugusa ngazi za pembeni au bampa, springi zaweza kusaidia. Na kama haligusi popote, bali magurudumu huzunguka bure katika udongo mwekundu, dawa ni mpira wenye kucha nzuri. Mwanachama asitoe fedha kabla hajajua gari lake limo katika fungu lipi kati ya haya matatu. Alama utaziona ukilala chini ya gari: penye mikwaruzo mipya ndipo linapogusa.

KUSOMA MPIRA

Ubavuni mwa mpira huandikwa mathalani 265/70R16. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Zidisha 265 kwa 0.70, kisha kwa 2 kwa kuwa mpira una ubavu wa juu na wa chini, utapata 371. Rimu ya inchi 16 ni milimita 406. Jumla ni 777, na hicho ndicho kipenyo cha mpira.

Tufanye hesabu kwa gari letu. Mpira wake wa 245/70R16 una kipenyo cha milimita 749. Ukienda 265/70R16 unaongeza milimita 28. Ukienda 265/75R16, wenye kipenyo cha 804, unaongeza 55. Ukienda 285/75R16, wenye kipenyo cha 834, unaongeza 85. Gawanya kila nyongeza kwa mbili, ndipo utajua difu itapanda kiasi gani: milimita 14, au 27, au 42.

KIASI CHA KUNYANYUA

Kipimo chenyewe ni chepesi. Mpira ukikua, nusu ya nyongeza huenda chini, na nusu ya pili huenda juu kuelekea madigadi. Nusu hii ya juu ndiyo inayokula nafasi, na hiyo ndiyo pekee unayopaswa kuirudisha. Kwa mpira wa 265/75R16 katika mfano wetu, nafasi inayoliwa ni milimita 27, yaani inchi moja na kidogo. Aliyenyanyua inchi nne kwa mpira huo amenunua inchi tatu za kuangukia.

Wala si kila gari linahitaji hata hiyo inchi moja. Pima hivi. Pakia gari mzigo wako wa kawaida, ulisimamishe mahali tambarare. Pima nafasi iliyopo baina ya juu ya mpira na ukingo wa madigadi. Kisha pima nafasi baina ya ekseli na ule mpira mfupi wa kizuizi uliofungwa kwenye chasisi, unaozuia ekseli isipande zaidi. Tuseme ya kwanza ni sentimita 16, na ya pili ni 11. Toa nusu ya nyongeza, sentimita 2.7, katika 16, hubaki 13.3. Ekseli itagonga kizuizi ikiwa imepanda 11, na mpira bado una sentimita 2.3 za usalama. Gari hilo halihitaji kunyanyuliwa. Hakikisha tu kwamba usalama huo haupungui sentimita mbili, kwani kizuizi hubonyea, na gurudumu moja likipanda peke yake ekseli hulala upande.

Nafasi ikipungua, kumbuka kwamba springi ndefu peke yake haitoshi. Gari likizama shimoni kwa kishindo, springi ndefu nayo hubonyea mpaka ekseli ifike kwenye kizuizi kile kile, na mpira hugonga madigadi pale pale. Lazima kizuizi kiteremshwe kwa kiasi kilichopungua, na springi ipandishwe kwa kiasi hicho hicho.

Kwa magurudumu ya mbele, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, ukiwa umefunga mpira mmoja wa kuazima. Ukigusa chasisi kwa ndani, kunyanyua hakuponyi. Mpira huo ni mpana mno kwa gari lako. Tafuta mwembamba wenye kimo. Land Rover ndefu za inchi 109 zilivaa 7.50-16, na Land Cruiser nyingi za kazi huvaa 7.50R16 mpaka leo. Ni mpira mrefu usio mpana, nao hupita vizuri katika njia nyembamba za mashamba.

Jambo moja zaidi kabla hujanunua chochote. Magari yetu mengi yamebeba magunia miaka mingi, na springi zake zimelala. Huenda gari lako halikuwa fupi, limechoka tu. Springi mpya za kimo cha kiwandani zaweza kukurudishia sentimita kadhaa ulizodhani huna.

GHARAMA ISIYOANDIKWA KWENYE RISITI

Turudi katika anguko letu, tulitie hesabu. Upana baina ya magurudumu ya gari ukiwa sentimita 150, nusu yake ni 75. Gari lililopakiwa magunia na watu, kiini cha uzito wake tuseme kiko sentimita 95 kutoka ardhini. Gari hilo likisimama tuli hupinduka likilala digrii 38. Inua kiini hicho sentimita 10, nalo litapinduka kwenye digrii 35 na nusu. Umeuza digrii mbili na nusu. Mzizi wa sentimita 15 chini ya gurudumu la upande wa juu huongeza karibu digrii 6 papo hapo. Na gari liendalo huyumba, na gunia huteleza, kwa hiyo katika njia halisi anguko huja mapema kuliko hesabu hii.

Zipo gharama nyingine. Mpira uliozidi kipenyo kwa asilimia 7, kama ule wa 804 mahali pa 749, hupunguza nguvu ya kuvuta mlimani kwa kiasi kama hicho, na breki nazo hulazimika kukaza zaidi. Saa ya mwendo ikionyesha 60, wewe uko 64. Paipu za mpira za breki zaweza kuvutika ekseli inaposhuka. Propela hupinda pembeni mwa kawaida, na krosi zake huisha mapema. Taa za mbele hupanda zikamulika macho ya wenzako. Kila aliyenyanyua gari apime paipu za breki magurudumu yakining'inia, arekebishe taa, na afanyiwe alaimenti. Tena aliarifu shirika la bima yake, kabla ya ajali wala si baada yake.

UKIFIKA MCHAFUKOGE

Nenda na karatasi yenye vipimo vyako: saizi ya mpira ulio nao, upana wa rimu, zile nafasi mbili tulizozieleza, na uzito wa mzigo wako. Ukienda na karatasi utauziwa unachokihitaji. Ukienda mikono mitupu utauziwa kilichobaki dukani.

Katika mpira, tazama namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikiwa 2319, mpira umetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mipira mitumba huonekana mizuri kwa kucha, kumbe ubavu umekwisha kukauka na kupasuka nyufa. Tazama pia namba ya mzigo: 106 ni kilo 950 kwa mpira mmoja, 112 ni kilo 1120, 121 ni kilo 1450. Usishuke chini ya namba ya mpira wa kiwandani, hata mpira mpya uwe mkubwa namna gani. Nunua mitano ya saizi moja, ikiwemo ya akiba, kwani gari la magurudumu manne yenye nguvu likivishwa vipenyo tofauti huvunja meno ya difu.

Katika springi, nunua pamoja na shokapu za urefu unaolingana nazo. Usikubali vipande vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, wala usikubali hata kimoja chini ya springi bapa za ekseli ya mbele. Na usipite inchi mbili kwa gari la kubeba watu na magunia, hata muuzaji akikuapia.

Sisi tulirudi na mipira ya 265/70R16, springi mpya zilizozidi za kiwandani kwa inchi moja, na vizuizi vinavyolingana nazo. Difu imepanda milimita 14, na bodi karibu sentimita 4 kwa jumla. Ukiliona gari letu barabarani hutaligeukia. Vuli iliyopita lilibeba karafuu msimu mzima. Lilikwama mara mbili, na mara zote mbili jembe na mbao viwili vililitoa. Wachumaji sasa hatuwapakii tena juu ya magunia; hutembea kwa miguu kushuka kilima, na gari huwangoja chini.

Mwanachama mwenye swali alete vipimo vyake ofisini, tutamsaidia kupiga hesabu. Kuuliza si ujinga, na mkanda wa kupimia tunao.