Msukosuko wa Fueli katika Matangi ya Roketi

Mchota maji ajuaye kazi yake huweka kijitawi chenye majani juu ya ndoo kabla ya kujitwika. Bila hicho maji huanza kuyumba, na baada ya hatua chache humwagikia begani, hata kama ndoo haikujaa sana. Tatizo si wingi wa maji tu, bali ni mapigo yake.

Kimiminika kilichomo katika chombo cha duara kikisukumwa, uso wake hupanda upande mmoja na kushuka upande wa pili kama pendulamu, yaani kitu kizito kinachobembea kwenye uzi. Iwapo kina cha kimiminika kinatosha, urefu wa uzi wa pendulamu hiyo ni kama 0.54 ya nusu kipenyo cha chombo. Kwa ndoo ya nusu kipenyo cha sentimeta 14, uzi huo ni sentimeta 7.6. Mwanafunzi akitumia kanuni ya pendulamu ya darasani ataona kwamba maji hubembea mara moja kila sekunde 0.55. Hayo yanakaribia mapigo ya hatua za mtu anayetembea. Kwa hiyo kila hatua huongeza wimbi lililoachwa na hatua iliyotangulia.

Roketi haitembei kwa hatua, lakini huendeshwa na mitambo inayojirekebisha yenyewe. Ikiinama kidogo, injini hugeuzwa ili kuinyoosha. Marekebisho hayo husukuma vimiminika, ambavyo mara nyingi ni zaidi ya asilimia 80 ya uzito wote wakati wa kuruka. Vimiminika hupiga ukuta wa tangi, roketi huinama tena, na mitambo hurekebisha tena. Mapigo yakikutana vibaya, kila marekebisho huzidisha kosa. Tena mapigo yenyewe hayatulii: tangi la nusu kipenyo cha meta 1 hubembea kila sekunde 1.5 hivi pale mchapuko unapolingana na uvutano wa dunia, na mchapuko ukifika mara nne, muda huo hupungua kuwa nusu.

Tarehe 26 Aprili 1957, roketi ya Marekani iitwayo Jupiter ilipotea baada ya sekunde 93 kwa sababu hiyo. Wahandisi walikwisha kujifunza somo hilo, na mwaka 1966 H. Norman Abramson alihariri kitabu kikubwa juu yake. Hata hivyo, Machi 2007 roketi ya Falcon 1 iliruka bila vizuizi katika tangi la oksijeni la hatua yake ya pili, kwa kuwa hatari ilihesabiwa kuwa ndogo. Oksijeni ikaanza kuyumba, hatua hiyo ikazunguka, fueli ikatupwa kwenye kuta mbali na mdomo wa bomba, na injini ikazimika kabla ya kufikia mzingo.

Katika hesabu, mhandisi huchukua kila tangi kuwa mzigo uliotulia pamoja na pendulamu moja au zaidi, kisha hujaribu kama mitambo itaweza kuzidhibiti. Dawa yenyewe ni nyepesi mno ukilinganisha na hasara inayozuiwa: pete za bati jembamba zinazofungwa ndani ya ukuta. Kimiminika kikipita ukingoni mwa pete huvunjika kuwa vizingia, na nguvu ya wimbi huishia humo. Pete hufaa zaidi ikiwa karibu na uso wa kimiminika. Na kwa vile uso hushuka kadiri fueli inavyotumika, huhitajika pete kadhaa, moja chini ya nyingine. Vikopo vinavyoelea navyo vilipata kujaribiwa, kwa fikra ileile ya kijitawi.

Chombo kikiwa angani na injini zimezimwa, pendulamu haina tena kinachoivuta. Hapo hutawala mvutano wa uso wa kimiminika, ambao ni mdogo sana, na fueli huweza kujikusanya popote. Ili kupima mwendo huo, setilaiti ya Sloshsat ilirushwa Februari 2005 kwa roketi ya Ariane 5, ikiwa na lita 33 hivi za maji ndani ya tangi lake.