Anwani ya Kudumu na Anwani ya Muda Katika Intaneti

Mwanafunzi wa shule ya bweni anapoandikiwa barua na wazazi wake, barua hiyo haiendi moja kwa moja bwenini. Hupelekwa katika sanduku la posta la shule, ambalo namba yake ni moja kwa wanafunzi wote, kisha karani huigawa kwa kufuata jina. Utaratibu wa kompyuta zilizounganishwa na intaneti kwa simu ya nyumbani unafanana sana na huo. Aufahamuye hatapata taabu kuelewa kwa nini baadhi ya kompyuta hupatikana kwa urahisi kutoka mbali, na nyingine hazipatikani kabisa.

Waya wa simu

Yafaa kwanza kuutazama waya wenyewe. Sauti ya mtu katika simu huhitaji mitetemo isiyozidi 4,000 hivi kwa sekunde, lakini waya wa shaba unaweza kuchukua mingi zaidi. Mitambo ya DSL hutumia nafasi hiyo iliyo wazi. Katika aina iitwayo ADSL, iliyowekewa kanuni ya kimataifa mwaka 1999, mitetemo ya baina ya 26,000 na 138,000 kwa sekunde hupeleka habari kutoka nyumbani. Ile ya kutoka 138,000 hadi 1,104,000 huleta habari nyumbani. Modemu ndiyo igeuzayo tarakimu za kompyuta kuwa mitetemo hiyo, na kichujio kidogo huitenga na sauti, ili mtu aweze kuzungumza katika simu wakati huohuo.

Ni dhahiri kwamba njia ya kuleta ni pana kuliko njia ya kupeleka. Tuseme laini huleta biti milioni 8 kwa sekunde na kupeleka milioni 1. Kitabu chenye biti milioni 80 kitaingia nyumbani kwa sekunde 10, lakini kitahitaji sekunde 80 kutoka.

Uhaba wa anwani

Kila chombo kinachozungumza katika intaneti hakina budi kuwa na anwani. Kanuni za mwaka 1981, ambazo zingali zikitumika, ziliweka anwani ya biti 32, iandikwayo kwa namba nne, kila moja kati ya 0 na 255. Jumla ya anwani zinazowezekana ni 2 kwa kipeo cha 32, yaani 4,294,967,296. Idadi hiyo haitoshi kwa dunia ambayo watu wake walifikia bilioni 8 mwaka 2022. Mwezi Februari 2011 hazina kuu ya anwani hizo iligawa mafungu yake ya mwisho kwa mashirika ya kanda. Shirika la kanda ya Afrika ni AFRINIC, lenye makao yake Mauritius.

Kwa sababu hiyo kampuni za simu aghalabu hazimpi mteja wa nyumbani anwani ya kudumu. Modemu inapowashwa, hujitambulisha, nayo mitambo ya kampuni huikopesha anwani moja. Umeme ukikatika na kurudi, modemu yaweza kupewa nyingine. Aidha, kampuni kadhaa huwagawia wateja wengi anwani moja kwa pamoja.

Ndani ya nyumba hutumika anwani za namna nyingine. Mwaka 1996 zilitengwa anwani za matumizi ya ndani tu, kama zile zinazoanza na 10 au 192.168. Nyumba nyingi hutumia namba hizohizo bila kugongana, kwa kuwa hazitoki nje. Modemu yenye ruta hufanya kazi ya karani: hukumbuka ni kompyuta ipi iliyouliza, na jibu likija hulifikisha kwake.

Wengi hukosea hapa

Mtu aweza kuandika katika kompyuta yake anwani ya ndani isiyobadilika, akadhani amepata anwani ya kudumu katika intaneti. Sivyo. Amepanga chumba cha nyumba yake tu. Namba ya sanduku la posta bado iko mikononi mwa kampuni. Anwani ya kudumu ya nje haijichagulii mtu. Huombwa, na mara nyingi hulipiwa.

Kwa mtu asomaye habari tu, anwani ya muda haina dhara. Dhara humpata yule anayetaka kuulizwa. Shule ikiweka maktaba yake katika kompyuta, wanafunzi wakaisoma wakiwa makwao, siku anwani itakapobadilika wataigonga nyumba isiyo yao. Shule hiyo yahitaji anwani ya kudumu, na ruta iamriwe kupeleka maswali ya nje kwa kompyuta ya maktaba pekee. Lakini mlango ujulikanao na wageni hujulikana na wezi pia. Hivyo neno la siri la kiwandani libadilishwe, na milango isiyohitajika ifungwe.

Katika nchi nyingi nyaya za shaba zinabadilishwa kwa nyuzi za kioo, na anwani mpya za biti 128 zinaenea, ambazo wingi wake unaweza kuondoa uhaba huu. Hata hivyo, swali la nani aweza kupatikana litabaki. Mwanafunzi anaweza kuanza kulichunguza leo: aitazame anwani ya kompyuta ya shule. Ikianza na 192.168 au 10, basi ajue kwamba yuko bwenini, na kwamba kuna karani mlangoni.