Kuta za Njiani ni Kitabu cha Wote

Tuanze kwa kuungama kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukifundisha darasa la nne. Asubuhi moja tulikuta ukuta wa nje wa darasa umechorwa kwa makaa: mtumbwi, mvuvi mwenye kutupa wavu, na juu yake ndege watatu. Hatukutazama zaidi. Tuliuliza ni nani aliyechafua ukuta, na kijana mmoja, mtoto wa mvuvi, akainua mkono. Tukampa ndoo na kitambaa, akaosha ukuta mbele ya wenzake mpaka kengele ya adhuhuri.

Ukuta ukawa safi. Lakini tangu siku ile kijana yule hakuchora tena, wala katika daftari wala ubaoni, hata tulipomwomba atuchoree jani la muhogo kwa somo la mimea. Ndipo tulipoanza kujiuliza: je, siku ile tuliosha uchafu, au tulifuta kitu kingine?

Swali hilo lilitufanya tutafute habari za wale waliopamba kuta katika nchi yetu kabla ya sisi. Twapenda kuwapa ninyi, wazazi, walimu na wanafunzi, yale tuliyoyapata.

Fundi wa Bukama

Wengi wenu mwaijua Bukama, katika Katanga, kando ya mto Lualaba. Reli iliyotoka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilifika hapo mwaka 1918, na pakawa mahali pa wasafiri, wapagazi na wafanya biashara. Mwaka 1926 Mbelgiji mmoja mwenye kazi ya serikali, Georges Thiry, aliona huko nyumba za udongo zilizopambwa kwa picha. Akauliza ni kazi ya nani. Akapelekwa kwa Albert Lubaki, mtu aliyejua pia kuchonga pembe za tembo.

Thiry aliona kwamba picha zile zitaharibiwa na mvua. Akampa Lubaki karatasi na rangi za maji. Lubaki akachora karatasini kama alivyozoea ukutani: tembo, mamba, ndege, wawindaji, miti, na mambo ya hadithi za wazee. Mke wake, Antoinette, naye alichora. Baadaye, katika Kasai, Thiry alimkuta mtu mwingine mwenye kipaji hicho, Tshyela Ntendu, aitwaye pia Djilatendo. Kazi yake ilikuwa kushona nguo, na katika kuchora alipenda sana kupanga mistari na miraba kwa utaratibu, kama mtu apimaye kitambaa.

Tufikiri kidogo juu ya nyumba zile za Bukama. Hazikuwa na mlango wa kulipia wala mlinzi wa kuuliza mtu ni nani. Mama aliyetoka mtoni na maji kichwani alimwona tembo wa Lubaki. Mzee aliyekaa kivulini alimwona, na mtoto aliyetumwa chumvi alimwona pia, huenda akachelewa kurudi kwa sababu yake. Picha ya njiani haichagui mtu. Asiyejua kusoma huisoma, naye msafiri hupewa sehemu yake sawa na mwenye nyumba.

Karatasi ilisafiri

Zile karatasi zilifika mbali. Mwaka 1929 zilionyeshwa Bruxelles, katika Palais des Beaux-Arts, na mwaka 1930 picha za Lubaki zilionyeshwa Genève. Mwaka 1931 kilichapwa Bruxelles kitabu cha hadithi chenye jina la Badibanga, nacho kilipambwa kwa picha za Djilatendo. Hata mwaka 2015, katika mji wa Paris, nyumba ya sanaa iitwayo Fondation Cartier ilifanya maonyesho makubwa ya kazi za Wakongo, nayo ikahesabu miaka kuanzia 1926 mpaka 2015. Wa kwanza katika hesabu hiyo walikuwa Lubaki na Djilatendo.

Haki yatudai tumshukuru Thiry. Pasipo karatasi zake, leo tusingejua hata jina la Lubaki. Lakini yafaa tuone pia mambo mawili.

Jambo la kwanza ni ule mwaka 1926. Je, watu wetu walianza kuchora mwaka ule? Sivyo. Thiry alipofika, kuta zilikuwa zimekwisha kupambwa. Mwaka 1926 ni mwaka wa karatasi. Mwaka ambao mkono wa kwanza ulichovya udongo mweupe na kuuweka ukutani hakuna aliyeuandika.

Jambo la pili latuumiza zaidi. Karatasi zilikwenda Ulaya, kuta zikabaki na mvua. Leo nyingi za karatasi hizo zimetunzwa Ubelgiji, lakini mtoto wa Bukama atakaye kuziona hana budi kuvuka bahari. Naye Lubaki mwenyewe, baada ya miaka michache ya sifa, alisahauliwa, hata mwaka wa kufa kwake haujulikani. Karatasi ilihifadhi picha. Haikumhifadhi fundi, wala haikumwachia mwanafunzi.

Basi, ukuta hulindwa na nini? Tuliona jibu kwa jirani zetu.

Akina mama wa Gisaka

Upande wa mashariki ya Rwanda, katika nchi iliyoitwa Gisaka, kuna kazi ya kale iitwayo imigongo. Wenyeji husimulia kwamba ilianzishwa na Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi. Wanawake huchanganya samadi ya ng'ombe na majivu, kisha kwa vidole huifinyanga juu ya ukuta iwe mistari iliyoinuka, yenye pembe na miraba. Ikikauka hulainishwa, halafu hupakwa rangi, hasa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Ona jinsi vitu vyenyewe vilivyo vya kila siku: samadi, majivu, udongo. Hakuna hata kimoja cha kununua dukani.

Mwaka 1994 maangamizi yalipoipata Rwanda, watu wengi waliuawa na wengine walitawanyika, na kazi hiyo ilikuwa karibu kupotea pamoja na mikono iliyoijua. Lakini huko Nyakarambi wanawake walijiunga, wakaianza tena. Leo huifanya pia juu ya mbao kwa kuuza, hata wageni huzichukua kwao. Tofauti na Bukama ndiyo hii: mbao huenda, lakini mkono unabaki Gisaka, na msichana hujifunza kwa kukaa karibu na mama yake.

Hali ni hiyo hiyo mbali zaidi, huko Tiébélé katika Burkina Faso. Wanaume hujenga nyumba za udongo, wanawake huzipamba kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Kisha hupaka juu yake maji waliyochemshia maganda ya matunda ya mti uitwao nere, ili mvua isizidhuru upesi. Hata hivyo rangi huchakaa, nao huzirudia. Mwaka 2024 UNESCO iliandika makao ya mfalme wa Tiébélé katika urithi wa dunia. Makao hayo yamedumu kwa sababu akina mama hawakuchoka kuyapaka upya na kuwafundisha mabinti zao.

Waswahili husema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Twaona kwamba picha ya ukutani nayo ina ufa wake. Ufa huo haumo katika udongo. Umo kati ya mzee anayejua na mtoto ambaye hajafundishwa.

Mbele ya milango ya mjini

Labda msomaji wa mjini atasema: «Hayo ni ya vijiji. Sisi tuna saruji na mabati.» Lakini na apite barabarani afungue macho. Mlangoni pa kinyozi pamechorwa vichwa vinne, ili mteja aonyeshe kwa kidole namna atakayo kunyolewa. Kwa fundi cherehani pana mama aliyevaa kitenge kipya, na kwa muuza samaki pana samaki mkubwa kuliko wote walio ndani.

Kutoka kazi hiyo ya vibao alitokea Chéri Samba. Alizaliwa mwaka 1956 huko Kinto M'Vuila, akafika Kinshasa mwaka 1972, akajifunza kazi kwa wachoraji wa vibao. Mwaka 1975 alifungua karakana yake mwenyewe katika barabara ya Kasa-Vubu, akawa anaweka picha zake nje, mbele ya mlango. Aliona kwamba watu hutazama picha mara moja na kwenda zao. Akaanza kuandika maneno ndani ya picha, ili mpita njia asimame na kusoma. Leo kazi zake zinajulikana katika nchi nyingi, lakini waliomhukumu kwanza walikuwa watu wa barabara ile, nao hawakuwa na sababu ya kumsifu bure.

Na katika kuchonga na kuunda sanamu yupo Freddy Tsimba, mtu wa Kinshasa pia. Huyu hukusanya maganda ya risasi kutoka mahali palipopigwa vita, huyaunga kwa moto, na kuyafanya maumbo ya watu. Sisi wa mashariki, ambao watoto wetu wameyaokota maganda hayo njiani, hatuhitaji kuelezwa sanamu hizo zinasema nini.

Walimu wawili

Turudi sasa kwa jambo la shule, maana hilo ndilo lililotuuma. Mwaka 1943 Ndugu Marc-Stanislas, mtawa wa Shirika la Ndugu wa Shule za Kikristo, alifungua huko Gombe-Matadi, katika Kongo ya Chini, shule ya sanaa iliyoitwa Saint-Luc. Mwaka 1949 ilihamia Léopoldville, ndiyo Kinshasa, na kutoka hiyo kukatoka Chuo cha Sanaa kilichopo leo. Ndugu huyu hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya, bali watazame kazi za wazee wao.

Mwaka 1946, huko Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alikusanya vijana katika karakana iliyojulikana kwa jina la Hangar. Aliwapa rangi na nafasi, akaacha kila mmoja afuate mkono wake. Bela alipaka kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari mifupi mifupi. Pilipili Mulongoy alichora ndege, nyoka na samaki kwa uangalifu mwingi. Mwalimu alikuwa mmoja, na njia zikawa tatu.

Tuliposoma hayo tulikumbuka ndoo yetu na kitambaa chetu, tukaona haya.

Yatupasa nini?

Hatusemi kwamba kila mtu achore popote apendapo. Ukuta una mwenyewe, na adabu ni kuomba kwanza. Picha ya kumtukana jirani au ya kumwaibisha msichana si pambo, ni jiwe lililorushwa. Lakini ikiwa shule, zahanati, soko au nyumba ya mikutano ina ukuta mtupu, yafaa wazee na walimu wakae pamoja wakaamue ni picha gani itawafaa wapitao.

Mchague upande ulio chini ya paa, mvua isipoupiga sana. Mwuondoe vumbi, mwupake chokaa, mwuache ukauke kabisa kabla ya rangi. Picha isianzie chini penye matope ya kurushwa, bali juu kidogo. Kila kiangazi wakubwa wairudie pamoja na wadogo, na wadogo washike burashi kweli, wasibebe maji tu. Na chini ya picha mwandike jina la aliyechora. Lubaki tunamjua kwa sababu mtu mmoja aliuliza: «Ni kazi ya nani?» Wangapi wengine walipaka kuta zao, na hakuna aliyeuliza?

Sisi tulimwita kijana wetu alipokuwa katika darasa la sita. Tulimpeleka mbele ya ukuta ule ule. Akasimama, akatazama chini, akauliza: «Mwalimu, nioshe tena?» Tulimjibu kwamba safari hii ni sisi tuliokosa, tukampa makaa, chokaa na udongo mwekundu. Hakuanza siku ile. Alianza siku ya tatu, asubuhi na mapema, kabla wenzake hawajafika.

Mtumbwi upo, na mvuvi yupo, na ndege sasa ni watano. Mvua za kwanza zilikula chini ya mtumbwi na sehemu ya wavu. Kiangazi kilipofika kijana alikuja na watoto wawili wa darasa la pili, wakatengeneza palipoharibika. Mtumbwi aliurudia yeye mwenyewe. Wavu alimwachia mmoja wa wale wadogo. Matundu yake ni makubwa, samaki wote wangepita. Tumeuacha hivyo, na majina yao matatu yameandikwa chini.