Korogwe na Handeni: Nchi Mbili za Mto Ruvu

Mto uitwao Pangani katika ramani huitwa Ruvu na wenyeji wa bara. Watu wa pwani ndio walioupa jina la pili, kwa ajili ya mji wa Pangani ulioko mahali mto unapoingia baharini. Maji yake hutoka katika milima ya Kilimanjaro na Meru, hushuka katika nyika kavu, na kufika Korogwe, ambako mto Lwengera huungana nao. Hapo ndipo palipokuwa mpaka wa kale wa nchi mbili. Upande wa kaskazini husimama milima ya Usambara, ambayo vilele vyake vya juu hupita mita 2,000. Upande wa kusini ni Uzigua, nchi ya vilima vidogo na mapori, na mji wake mkuu ni Handeni. Kwa barabara, Korogwe na Handeni hutengwa na kilometa 65 hivi tu, lakini nchi hizo mbili hazifanani.

Sababu ya tofauti hiyo ni mvua. Upepo utokao Bahari ya Hindi hubeba mvuke. Ukikutana na milima ya Usambara hulazimika kupanda, na ukipanda hupoa, na mvuke wake hugeuka kuwa mvua. Upepo ule ule ukipita Uzigua haukuti ukuta mrefu wa kuupandisha, na kwa hiyo mvua ya huko haina ahadi. Mwaka mmoja ghala hujaa mahindi. Mwaka wa pili mahindi hunyauka kabla ya kutoa mbelewele.

Basi watu wa pande hizi walihitajiana tangu zamani. Masimulizi ya Wasambaa yasema kwamba mfalme wao wa kwanza, Mbegha, hakuwa mtu wa milimani, bali mwindaji kutoka Nguu, kusini ya mto. Alifukuzwa kwao kwa kuwa meno yake ya juu yaliota kwanza, jambo lililohesabiwa kuwa la kisirani. Akavuka mto pamoja na mbwa wake, akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakamweka kuwa mfalme huko Vuga. Watoto wake wakaitwa Wakilindi. Habari zao ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, na misheni ya Magila ikazipiga chapa. Pengine si kila neno la hadithi hiyo lilitukia; lakini ni jambo la kuangaliwa kwamba watu wa milimani wenyewe husimulia ya kuwa ufalme wao ulivuka mto kutoka nyikani.

Mfalme Kimweri, wa ukoo huo, alitawala mpaka karibu na pwani. Alipokufa mwaka 1862, watoto na wajukuu wake waligombana, na vita vikaenea. Wazigua nao, kwa kuwa karibu na bandari ya Saadani, walikuwa wamekwisha kupata bunduki nyingi. Siku hizo watu wengine walijenga vijiji vyao juu ya visiwa katikati ya mto, wapitie juu ya madaraja membamba ya miti, ili adui asiweze kuwaingilia kwa ghafula.

Lakini adui mkubwa wa Uzigua alikuwa njaa. Katika miaka ya 1830 ukame ulikuwa mkali hata watu wakateremkia pwani kutafuta chakula, na wengi wakauzwa, au wakadanganywa kwamba watapata kazi na posho ng'ambo. Walipakiwa katika majahazi, wakapelekwa mpaka pwani ya Somalia, wakatiwa utumwani mashambani. Wazee wao husimulia ya kuwa mwanamke mmoja, jina lake Wanakhucha, aliwaongoza kutoroka. Nia yao ilikuwa kurudi kwao kwa miguu. Lakini walipofika mto Juba waliona msitu mnene na ardhi nzuri, wakakaa huko, wakalima, na kuwafundisha watoto wao Kizigua.

Huku nyuma nchi yao haikupumzika. Katika miaka ya 1890 tauni ya ng'ombe iliua mifugo, nzige wakala mimea, na njaa ikarudi. Mahali palipopungua watu na ng'ombe, pori lilisogea, na mbung'o wakasogea pamoja nalo. Wakati huo huo Wadachi walikuwa wakijenga reli kutoka Tanga. Kazi ilianza mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902. Reli ilipita kaskazini ya mto, na mashamba makubwa ya mkonge yakaifuata. Mmea huo uliletwa na Mdachi Richard Hindorf mwaka 1893. Katika miche 1,000 iliyotumwa, 62 tu ndiyo iliyosalimika, na kutoka hiyo yalitoka mashamba yote yaliyoijaza nchi. Handeni haikupata reli. Korogwe ikawa mji wa stesheni, nao vijana wa Uzigua wakavuka mto kwenda kukata mkonge, kama Mbegha alivyovuka na mbwa wake, isipokuwa wao hawakupewa ufalme.

Wale wa mto Juba walikaa huko zaidi ya miaka 150. Vita vilipoizukia Somalia mwaka 1991, walikimbia. Wengi waliingia Kenya, na baadaye watu zaidi ya 10,000 wa jamaa hizo walipelekwa Marekani. Lakini wengine walipanda majahazi kuelekea kusini, wakashukia pwani ya Tanga, na kusema kwamba wamerudi kwao. Waliposema, Wazigua waliwaelewa. Serikali ya Tanzania iliwapa mahali pa kukaa na kulima huko Chogo, katika wilaya ya Handeni, na baadaye wengi wao wakapata uraia. Huko nako mvua hungojewa kila mwaka, kama ilivyongojewa na babu zao.